Haya Si Yale

Jumanne usiku mdogo wangu aligonga mlango wa chumba changu akaniambia maumivu yamemwanza. Sikuinuka hata kitandani. "Si yale yale tu?" nikamwambia. "Meza panadol, kunywa maji mengi, jikaze." Akajibu, "Haya, dada," akarudi kulala. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi tangu wakati ule, na kila nikifika kwenye maneno hayo hutamani kuyaruka. Siyaruki, kwa kuwa kosa letu lote lilianzia hapo.

Mdogo wangu ana selimundu. Mwaka huo alikuwa na miaka 19, anasomea ufundi umeme. Ugonjwa wake tuliujua kabla hatujaujua jina: hajatimiza hata mwaka mmoja, mikono na miguu ilimvimba hadi ngozi ikang'aa. Bibi alimchua kwa mafuta ya nyonyo. Jirani mmoja akasema ni baridi yabisi, mwingine akasema mtoto katupiwa jicho. Hospitali ndiyo iliyotufungua macho. Seli nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara na laini, kwake hujikunja kama mundu, na jina la ugonjwa linatokana na umbo hilo. Seli nzima huishi siku zipatazo 120. Iliyojikunja haimalizi mwezi. Zikikwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na mfupa au nyama iliyokosa oksijeni huanza kuuma. Baba na mama kila mmoja alikuwa amebeba nusu ya urithi huo bila kuumwa chochote, na katika kila mimba kulikuwa na bahati mbaya ya moja kati ya nne. Hatuko peke yetu: inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na selimundu, na hiyo ni moja ya idadi kubwa zaidi duniani.

Katika nyumba kama yetu, maumivu ni mpangaji. Mnajua saa zake za kuingia, mnajua anapenda kukaa wapi. Ya mdogo wangu hukaa miguuni na mgongoni. Huja kipupwe kikianza, huja akisahau kunywa maji, huja akipata malaria, huja akichoka sana. Tunayakandia maji ya moto, tunayapa dawa, na baada ya siku mbili tatu yanaondoka. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu ya mazoea haya ni kwamba siku akiingia mgeni mwenye kisu, nasi tukamdhania ni mpangaji wetu, tutamkaribisha.

Ilikuwa Julai. Wiki nzima alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo, anapitisha nyaya juu ya paa la jengo ambalo halijaisha, upepo wa kusi unampiga kifuani, chupa ya maji ameiacha chini. Akarudi na mafua. Mama hakuwepo, alikuwa Korogwe kwenye arobaini ya bibi, na mama ndiye aliyekuwa akijua kila kitu kuhusu kijana wake: dawa gani, kiasi gani, daftari la kliniki liko wapi. Alipopiga simu Jumatano tulimwambia anaendelea vizuri. Hatukutaka kumtia wasiwasi msibani.

Jumatano na Alhamisi nikawa mimi daktari. Panadol mbili, baada ya saa mbili nyingine mbili. Duka la dawa la mtaani wakaniuzia diklofenaki, na kwa ajili ya mafua wakanipa vidonge vingine. Sikuandika nimempa nini wala saa ngapi. Sikujua kwamba vidonge vingi vya mafua navyo vina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo nilikuwa namrundikia dawa ileile kwa majina mawili, wakati mtu mzima hapaswi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Wala sikujua kwamba diklofenaki inaweza kuumiza figo, hasa mwili unapokuwa umekaukiwa maji. Nilijua kitu kimoja tu: hii hali tumeizoea.

Ijumaa jioni aliponiambia, "Dada, twende hospitali," ndipo nilipoita bajaji. Hakuwa mtu wa kuomba hospitali. Njiani, kila tuta tulilopanda alifumba macho na kushika chuma cha kiti, lakini hakutoa sauti. Nikajisemea moyoni, angalau anavumilia.

Hospitali yenyewe sitaitaja, maana kilichotokea kingeweza kutokea popote. Nitaeleza tu dakika tano za meza ya kwanza, pale wanapopima na kupanga nani aonwe mapema na nani angoje. Aliyekaa pale alikuwa muuguzi wa makamo, mchovu, mstaarabu.

"Shikamoo, sista," mdogo wangu akasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, ila maumivu kidogo."

Msomaji wa Kiswahili anaelewa kilichotokea hapo. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu amefiwa, ukimsalimu atasema salama, kisha ndipo aseme ila. Habari ya kweli husubiri nyuma ya "ila", na mwenye haraka huondoka kabla haijafika. Muuguzi alikuwa na watu ishirini nyuma yetu. Mbele yake alikuwa na kijana aliyeingia kwa miguu yake, aliyeamkia vizuri, aliyesema hajambo.

Akampima joto: nyuzi 37.4. Hakuna homa. Mimi nilikuwa nimempa panadol mbili saa moja kabla ya kutoka nyumbani, na panadol kazi yake mojawapo ni kushusha homa. Hakuniuliza, nami sikusema. Akambana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni: 93. Akakunja uso kidogo, akaandika. Kisha akauliza, "Kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi?"

"Sita," akajibu.

Baadaye sana nilimuuliza kwa nini alisema sita. Akaniambia kumi alikuwa ameiweka akiba kwa siku ya kufa, na nane alishaitumia akiwa na miaka 14. Mtu asiyejua maumivu ya kila siku akisema sita, anamaanisha amekatwa na kitu. Mtu anayeamka na tatu, anakwenda darasani na nne na kulala na tano, akisema sita inasikika kama amechoka tu.

Muuguzi akamuuliza dawa gani humsaidia. Hapa mdogo wangu alisema ukweli mtupu: "Tramadoli hainisaidii sana, sista. Mara ya mwisho nilichomwa mofini." Kalamu ikasimama. Akamtazama mikono, akamtazama macho, ambayo yana umanjano wa ugonjwa wake. "Wewe kijana, dawa hizi umezijulia wapi?" Nikamwambia ana selimundu. Akauliza, "Daftari lake la kliniki liko wapi?" Daftari lilikuwa nyumbani, kwenye sanduku la mama, na ufunguo ulikuwa Korogwe. Nyuma yetu nikamsikia mlinzi akimnong'oneza mwenzake neno moja: "Teja."

Tukaambiwa tukakae kwenye benchi, tutaitwa.

Huo ndio mtego unaowabana wagonjwa wa maumivu ya kudumu. Akilia, anaigiza. Akinyamaza, haumwi. Akiijua dawa yake kwa jina, ametoka kijiweni. Asipoijua, atapewa isiyomfaa. Na hakuna kipimo cha damu kinachoweza kutoa cheti kwamba mtu huyu anaumwa kweli. Mapigo ya moyo yanaweza kuwa ya kawaida, shinikizo la damu likawa la kawaida, na mfupa ndani ukawa unakosa hewa. Kilichobaki ni neno la mgonjwa. Nasi neno hilo tulikuwa tumelifunga kwa shikamoo, sijambo na sita.

Tulikaa saa tatu. Alikunjika, mabega yakapanda karibu na masikio. Nikamwambia ajikaze, wanakuja. Pembeni yetu alikuwapo mama mmoja mwenye mtoto wa kike usingizini mapajani. Alimtazama mdogo wangu kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu ana selimundu?" Nikasema ndiyo. "Na wangu pia," akasema. "Hebu muulize: haya ndiyo yale yake ya siku zote?"

Siku tatu zilikuwa zimepita tangu alipogonga mlango wangu, na swali hilo sikuwa nimemuuliza hata mara moja. Nikainama nikamuuliza. Akatikisa kichwa. Maneno yalitoka machache machache, kila machache na pumzi yake: "Hapana, dada. Yale hukaa miguuni. Haya yako kifuani. Nikivuta pumzi yanachoma."

Nikainuka nikaenda mezani. Sikupiga kelele. Nilisema, "Sista, samahani. Mdogo wangu ana selimundu. Maumivu yake ya kawaida huwa miguuni. Leo yako kifuani, anashindwa kuvuta pumzi, na nimempa panadol zilizoficha homa." Muuguzi yuleyule aliinuka kabla sijamaliza. Akaja na kifaa chake cha kidole: 84. Akatazama saa ya ukutani na kuhesabu kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima: mara 34. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Kikaja kitanda cha magurudumu, kikaja kinyago cha oksijeni, na watu wanne niliodhani hawapo wakatokea kila mmoja kutoka upande wake.

Sentensi chache zilifanya kazi ambayo saa tatu za uvumilivu hazikuifanya. Kwa saa hizo tatu sikuwa na haki ya kumlaumu muuguzi peke yake, maana mimi nilikuwa nimemchelewesha mdogo wangu siku tatu nzima, kwa sababu ileile: tulimtazama kijana mwenye ugonjwa wa zamani, tukadhani kila kinachomuuma ni cha zamani.

Picha ya eksirei ilionyesha pafu la kulia limejaa ukungu. Daktari alinieleza kwamba seli zilizojikunja zinapokwama kwenye mapafu, mara nyingi pamoja na maambukizi, mapafu hushindwa kuingiza oksijeni. Oksijeni ikipungua, seli nyingine nyingi hujikunja. Nazo zikijikunja, mapafu huzidi kuziba. Hali hiyo ni miongoni mwa zinazoua zaidi wenye selimundu. Akaniuliza amemeza panadol ngapi tangu jana. Sikuwa na jibu, wakalazimika kupima ini na figo. Wakampa dawa za kuua vijidudu na mofini kidogo kidogo huku wakihesabu pumzi zake, maana mofini ikizidi hupunguza upumuaji. Tahadhari yao juu ya dawa ile haikuwa ya bure. Ikatakiwa damu. Baba mdogo alikuja usiku na vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda, wakajitolea. Siku ya tisa mdogo wangu alitoka wodini, akitembea kama mzee. Mtihani wake wa mwaka ulikuwa umeshampita.

Mama aliporudi hakunigombeza. Alifungua sanduku, akatoa daftari, akaliweka mezani mbele yangu, akaenda jikoni. Afadhali angenigombeza.

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya nchi maskini. Udaktari wa dharura kama taaluma kweli bado ni mchanga kwetu. Idara ya kwanza kamili ya dharura katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Lakini jijini London, mwaka 2019, kijana wa miaka 21 mwenye selimundu, akiwa amelazwa wodini, alipiga simu ya dharura ya 999 kutoka kitandani kwake akiomba msaada wa oksijeni, kwa kuona waliomzunguka hawamsikii. Alifariki. Kifo chake kilichangia uchunguzi wa wabunge wa Uingereza, na ripoti waliyoitoa mwaka 2021 ilibeba jina ambalo kwa Kiswahili ni "Hakuna Anayesikiliza". Mashine na majengo wanayo. Kilichokosekana hapo ni kitu ambacho hata zahanati ya kijijini inaweza kuwa nacho.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyojifunza, na nayasema kwa ajili ya kila nyumba yenye maumivu yasiyohama, iwe ni selimundu, ni mgongo, ni kidonda cha tumbo au ni kipandauso.

Hoja yako ya dharura iandae siku ambayo huumwi. Mdogo wangu sasa ana karatasi moja, haizidi ukurasa, imewekwa ndani ya mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, na picha yake iko kwenye simu zetu wote. Imeandikwa jina la ugonjwa. Kliniki anayohudhuria na namba ya faili. Kundi la damu. Kiwango chake cha damu na cha oksijeni anapokuwa mzima. Dawa anazotumia kila siku, foliki asidi na haidroksiurea. Dawa zilizomsaidia akibanwa na kiasi chake, na zile zisizomfaa. Na namba za simu za watu wawili. Chini yake pana saini na mhuri wa daktari wa kliniki. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza jina la mofini amelijulia wapi. Mhuri hujibu kabla yake.

Kila dawa uliyotoa nyumbani iandike na saa yake, kisha iseme kwenye meza ya kwanza bila kuulizwa. Usifiche kwa kuogopa kufokewa. Afadhali ufokewe.

Usieleze tu maumivu ni makali kiasi gani. Eleza yametofautianaje na ya siku zote. Yako wapi leo, na jana yalikuwa wapi? Unashindwa kufanya nini leo ambacho juzi, ukiwa na maumivu, uliweza? Ukiulizwa namba, toa namba mbili: "Siku za kawaida huwa nina nne, leo nina sita, na sijaweza kusimama." Na ukifika mezani, amkia kwa adabu zako zote, lakini ukiulizwa hujambo, sema mimi si mzima hata kidogo, naumwa. Hakuna atakayekuona huna malezi.

Na zipo dalili ambazo kwa mwenye selimundu hazingoji karatasi wala asubuhi: homa; maumivu ya kifua au pumzi kuwa fupi; weupe wa ghafla wa viganja na midomo; tumbo kuvimba upande wa kushoto, kwenye bandama, hasa kwa mtoto; udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito; kichwa kuuma kuliko kilivyowahi kuuma. Na kijana asione haya kusema uume ukisimama bila matamanio na kupita saa mbili; haya hiyo imewaachia wengi ulemavu wa maisha.

Na kwa aliyekaa meza ya kwanza, ambaye najua ana foleni na zamu ndefu, nina ombi la swali moja tu. Miongozo ya wataalamu wa magonjwa ya damu wa Marekani ya mwaka 2020 inataka mgonjwa wa selimundu aliyebanwa apate dawa ya kwanza ya maumivu ndani ya saa moja tangu afike, kisha apimwe upya kila baada ya dakika 30 hadi 60. Pengine kwetu saa hiyo moja ni ngumu. Lakini swali la yule mama wa kwenye benchi halihitaji bajeti, wala mashine, na huchukua sekunde kumi: haya ndiyo yale yako ya siku zote?

Mdogo wangu alirudia mwaka, akamaliza, na sasa anafunga umeme majumbani, chupa ya maji kiunoni. Maumivu hayajahama. Usiku mwingine bado humsikia akigonga mlango. Nashuka kitandani, nafungua, nawasha taa nimwone anavyopumua, ndipo namuuliza: "Ni yale?" Maneno ni karibu yaleyale ya Jumanne ile. Ila siku hizi nayasema nikiwa nimesimama, nangoja jibu.